Shangazi wa Wodi ya Wanawake

Vijana wangu wa wodi ya wanawake, siku mliponiaga kwa soda na keki mlinishika mkono mkasema sitoki mlangoni mpaka niahidi kuwaandikia mambo ya kazi. Basi naandika. Kama mnataka kujua nilipandishwa cheo lini, tafuteni mwingine wa kumuuliza, maana mimi nakumbuka vizuri zaidi ile siku niliyoshinda kazini na kiatu cha mwenzangu mguu wa kushoto. Mshahara nao tuuache ulale, wakati wa vita tulikuwa tukiusikia kwa habari tu. Nitawasimulia jinsi tulivyojifunza kuzungumza na mgonjwa mwenye kansa, na jinsi mimi Kanyere, muuguzi mwenye diploma, nilivyofanywa shangazi wa mtu mbele ya daktari.

Siku yangu ya kwanza nilifika na gauni jeupe lililopigwa pasi ya makaa mpaka likawa gumu. Mkuu wa wodi alikuwa mtawa, Masera Yustina, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Nilitegemea anipe kipima joto, au angalau mkasi. Akanipa kigoda.

"Hii njo chombo yako ya kwanza," akasema. "Mugonjwa akiona umesimama, anajua uko mu njia ya kwenda. Ukae kwanza. Umuulize anajua nini. Kisha ufunge kinywa."

Kukaa nilijua tangu utotoni. Kuuliza pia, nilikuwa mbea wa kuzaliwa. Hilo la kufunga kinywa ndilo lililonitoa jasho, na ninyi mlionijua sina haja ya kuwaeleza. Masera alikuwa akipita nyuma yangu akinigusa bega kila niliporukia maneno ya mgonjwa. Miezi ya mwanzo bega langu lile lilikaribia kupata kidonda.

Lazima mjue mambo yalivyokuwa. Daktari alisimama miguuni pa kitanda akazungumza Kifaransa na karatasi. Neno kansa halikutamkwa mbele ya mwenye kansa hata kidogo. Mzee wa familia aliitwa nje, karibu na pipa la maji ya mvua, akanong'onezwa. Mzee akamnong'oneza ndugu yake, ndugu akamnong'oneza mkewe, na kabla ya saa sita yule mama aliyeuza mandazi getini alikuwa na habari zote pamoja na nyongeza zake. Mgonjwa ndiye aliyekuwa wa mwisho, na mara nyingi alijua kwa sababu watu walianza ghafla kumletea nyama.

Vita vilipofika vilitukuta hivyo. Vilituletea pia Docta Ilunga, mtu wa Lubumbashi, aliyekuja Butembo kwa mafunzo mafupi. Ndege zikasimama, barabara zikafungwa, akabaki. Alikuwa na mkono mwepesi wa upasuaji, moyo mzuri, na miguu isiyotulia. Alikula viazi asubuhi, viazi mchana, viazi jioni, akiota bukari, ugali wa mahindi wa kwao. Nilipomwonesha kigoda cha Masera alicheka akasema kwao Katanga vigoda ni vya kukamulia mbuzi. Nikajua tutaelewana.

Ndipo akaja Kavugho. Alikuwa msichana wa Musienene, ameolewa muda si mrefu na kijana Kambale aliyesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akishusha viazi kutoka mlimani hadi sokoni. Ndicho chombo alichomleta nacho mkewe hospitalini, amemlaza juu ya magunia matupu, na kwenye mteremko wa mwisho breki ilikataa wakaingia getini kwa kasi ambayo hata magari ya wakubwa hayakuwa nayo. Kavugho alikuwa anavuja damu na anacheka. Mtu anayeingia hivyo unampenda papo hapo.

Alikuwa amepata ile tunayoita mimba zabibu. Tumbo linakua, mwili unajiona una mimba, lakini ndani hamna mtoto, kuna vifuko vidogo vilivyoshikana. Docta alimsafisha, tukadhani yamekwisha. Wiki zikapita, damu haikukoma, na mkojo wake kila ulipopimwa ulisema bado ana mimba, hali kizazi kilikuwa kitupu. Mtu wetu wa maabara alichanganya mkojo na maji, akazidisha maji, akazidisha tena, na kipimo kikaendelea kusema ndiyo. Docta aliacha kutembea siku hiyo, akaketi. Ilikuwa kansa, iliyotoka kwenye mabaki ya ile mimba.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuondoa kizazi wiki ile ile, hapo hapo kwetu, na Kavugho hatazaa maisha yake yote. Ya pili, sindano za dawa kali, kwa awamu, na mapumziko katikati. Dawa hiyo huishinda kansa ya namna hii mara nyingi na kizazi kinabaki. Lakini dawa ilitoka Kampala kupitia Kasindi, na kati ya Kasindi na sisi kulikuwa na vizuizi vya askari wa kila rangi ya kofia. Ikikatika katikati, ugonjwa ungeweza kupanda mapafuni.

Docta alitaka kumwita mzee wa familia kwenye pipa la maji. Masera akamwambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba pipa limehama. Mimi nikatumwa na kigoda.

Nikaketi. Nikamuuliza Kavugho anajua nini.

"Najua iko kitu mubaya," akasema. "Mama mukwe ameanza kuniletea nyama."

Nikamweleza yote, pamoja na lile neno, na njia zote mbili. Kisha nikafunga kinywa. Jamani, kazi. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake, akafunga na kufungua fundo la kitenge. Nilijiuma ulimi kweli.

"Hakuna mutu aliniulizaka kitu," akasema mwishowe. "Mi nataka kuishi. Na nataka kuzaa. Kama vyote viwili hapana wezekana, kuishi njo ya kwanza. Mais bajaribu dawa kwanza. Na kama dawa inachelewa kupita soko mbili za Musienene, bakate. Mi sitalia."

Soko la Musienene ni la mara moja kwa wiki, kwa hiyo alikuwa ametupa wiki mbili. Nilitaka kumbusu. Mtu mzima alikuwa amepanga mambo yake kuliko serikali zote mbili tulizokuwa nazo mwaka ule. Nikatoka mbio kumwambia Docta, nikakuta ua wa hospitali umejaa. Familia mbili zilikuwa zimefika.

Hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu vitabu vyenu haviandiki haya. Sisi sote tulitegemea kwamba wakwe watakataa kizazi kuondolewa, na baba mzazi ataomba binti yake aokolewe kwa njia yoyote. Ikawa kinyume. Mama mkwe, Mbambu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa bati, alisema, "Mukate. Shiye tulioa mutu, hatukuoa tumbo." Baba yake Kavugho akaruka juu. Hakati mtu. Leo mnasema hivyo kwa upendo, kesho kutwa mtasema mbuzi zetu za mahari zirudi. Mbambu akaapa. Baba akakataa kiapo. Kila upande ukawa unamtetea Kavugho dhidi ya wema wa upande mwingine, na Kavugho mwenyewe alikuwa ndani, hatua chache, anasikia yote kupitia dirishani.

Docta akaniuliza kwa nini mgonjwa asiletwe aseme. Nikamweleza kwamba katika baraza la namna hiyo bibi harusi hanyanyui sauti mbele ya baba mkwe, neno lake hupitia kwa shangazi, dada ya baba yake. Na shangazi yuko wapi? Mangina. Na barabara ya Mangina? Siku hizo hata kunguru waliikwepa.

Mzee Kakule, baba mkwe wa Kavugho na msemaji wa wakwe, mtu mwenye koti la sufu na subira nyingi, ndiye aliyetatua. Akageuka akaniangalia.

"Weye Kanyere, mukaka yako alitokaka mulima gani?"

Nikasema nyanya yangu alitoka Musienene, upande wa mto. Baba yake Kavugho akanyoosha shingo. Upande upi wa mto? Nikasema. Nyumba ya nani? Nikasema. Sisi Wanande ukichimba kidogo hukosi undugu, na wale walichimba kwa majembe mawili. Muda si muda ikaonekana nyanya yangu na babu yake Kavugho walilelewa na mama mmoja. Kuku akatafutwa, nikakabidhiwa mikononi akiwa hai, na hapo, nikiwa na gauni jeupe na kuku kwapani, nikawa shangazi.

Sasa shangazi katika baraza hasemi "binti amesema". Husema "mimi", kwa maneno ya binti, kama yalivyotoka, bila kuongeza chumvi. Nikasimama, nikasafisha koo, nikatamka mbele ya wazee wote:

"Mi nataka kuishi. Na nataka kuzaa. Kama vyote viwili hapana wezekana, kuishi njo ya kwanza."

Docta Ilunga, aliyekuwa ameegemea nguzo, akaja upesi akanishika kifundo cha mkono kupima mapigo.

"Mama Kanyere," akaninong'oneza, "na weye uko mugonjwa? Tangu lini?"

Nilikuwa na wajukuu wawili wakati ule. Wazee walicheka mpaka Mzee Kakule akavua koti. Kuku akanitoroka, na baba yake Kavugho na Mbambu, waliokuwa wamekaribia kupigana, wakamkimbiza pamoja kuzunguka jiko la hospitali. Waliporudi wakihema, huyu kashika miguu na yule kashika mabawa, ugomvi ulikuwa umekwisha. Nikamalizia maneno ya binti, pamoja na lile la soko mbili. Baba akamwachia Mbambu kuku mzima. Kisha akasema kwamba kama ndivyo alivyosema binti mwenyewe, yeye ni nani wa kukataa. Dawa ikaamuliwa.

Mlango ulipofunguliwa nikaona Kavugho amejifunika kitenge mpaka machoni, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa amesikia habari ya mapigo yangu.

Miaka ya baadaye walikuja watafiti wa chuo, vijana wastaarabu, wakiuliza jinsi wagonjwa wa kansa wanavyoamua mambo ya uzazi. Karatasi yao ilikuwa na visanduku: daktari, mgonjwa, mume, wote pamoja. Nikawauliza kisanduku cha shangazi kiko wapi. Wakatazamana. Mmoja akakichora kwa kalamu pembeni, na huyo ndiye niliyempa chai.

Awamu ya kwanza ya sindano tulikuwa nayo kwenye kabati. Kinywa cha Kavugho kikapata vidonda, akanuna kwa sababu ya pilipili iliyokatazwa, lakini akazimaliza siku zake za sindano. Tukapima mkojo. Ukasema ndiyo, ila kwa udhaifu zaidi, na Docta akafurahi. Kambale, aliyekuwa mlangoni, akaisikia ile ndiyo akaipeleka nyumbani bila kusubiri maelezo, na kwenye mteremko wa kwenda habari hukimbia.

Kesho yake tulisikia nyimbo. Mbambu alikuwa amekuja na wanawake wa kilima kizima, masufuria ya maharage vichwani, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katika madumu, wakimwimbia mkwe wao kwamba kipimo cha mimba kimesema ndiyo. Waliingia mpaka katikati ya wodi. Mama mmoja wa kitanda cha jirani alishaanza kucheza amelala. Ikabidi shangazi apande juu ya kigoda.

"Mama Mbambu, kwa huyu, ndiyo njo ugonjwa. Tunangojea hapana."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona vita vimemharibu muuguzi mzuri. Nikaeleza tena. Nikaeleza kwa viazi: ukiona majani yamechipuka kwenye shamba ambalo hukupanda, hayo si mavuno.  Akaweka sufuria chini taratibu, akamwangalia Kavugho, na machozi yakamtoka bila sauti. Nami nikalia naye, sioni haya kusema. Kisha akapangusa uso akasema maharage yameiva, kansa au si kansa, na wodi yote ikala.

Awamu ya pili ndiyo iliyotutesa. Dawa ikaisha Butembo nzima. Aliyekuwa akituletea ni Hadji Ramazani wa Beni, mwenye malori, mtu aliyeswali kwa wakati na kudanganya askari kwa wakati. Tulimwagiza. Kukawa na mapigano upande wa Beni, na malori yakakaa. Soko la kwanza la Musienene likapita. Kavugho alikuwa akiwauliza wauza viazi kila asubuhi kama soko liko karibu, na mimi sikuwahi kuchukia soko kama wiki ile. Docta akachemsha vyombo vyake. Alikuja kitandani, na safari hii alikuja na kigoda mwenyewe, akaketi.

"Maneno yako nayashika," akamwambia. "Soko ikipita, nitakata."

"Ni vile tulisema," akajibu Kavugho. Akaniuliza kama nywele zitakuwa zimesukwa vizuri kwa ajili ya upasuaji. Nikamsuka, nikafumua, nikamsuka tena.

Hadji akafika asubuhi ya lile soko la pili, kwa miguu, lori limezama topeni karibu na mji, katoni kichwani, kanzu imekuwa rangi ya barabara. Katoni ilikuwa imeandikwa sabuni.

"Kwenye bariere banajeshi balichukua sabuni yote," akasema. "Dawa iko chini. Baliona chupa ndogo, banasema, hii ya wanawake, ondoka nayo."

Mbambu, aliyekuwa amekesha akisali rozari, alimkumbatia Hadji mzima mzima, na Hadji, mwenye heshima zake, akabaki mikono imenyooka hewani akisoma dua. Docta alirudisha vyombo kabatini akipiga mluzi. Nakumbuka nilicheka mpaka nikaketi sakafuni, na Masera Yustina, ambaye sikuwahi kumwona akiketi sakafuni, akaketi karibu yangu.

Dawa ikaendelea. Ndiyo ikawa dhaifu, ikawa kivuli, na asubuhi moja mtu wa maabara akatoka kwenye chumba chake anakimbia: hapana. Wanawake wa kilima walikuwa wameshafundishwa. Walipiga vigelegele kwenye ujia kwa ajili ya kipimo cha mimba kilichosema hapana, na wajawazito waliokuwa foleni wakashika matumbo yao wakasogea mbali nasi. Tukapima wiki kwa wiki, kisha mwezi kwa mwezi. Mwaka mzima Kavugho hakutakiwa kushika mimba ili tusije tukachanganya mtoto na ugonjwa, na mambo ya kuzuia mimba Masera aliniachia mimi niyaeleze, akaenda kumwagilia maua siku ambayo mvua ilikuwa inanyesha.

Mwaka ukaisha, vita havijaisha. Kavugho akashika mimba. Tulisubiri na hofu mpaka Docta alipotega sikio kwenye ile pembe yake ya mti, akatega tena, akanivuta nami nisikilize. Moyo mdogo ulikuwa unakimbia kuliko chukudu ya baba yake.

Alizaliwa msichana, mchana kweupe, akipiga kelele. Jina kwetu si la kuchagua hivi hivi, linafuata namba. Msichana wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira, na aliyefariki anahesabiwa pia. Ndipo wazee wakakaa tena katika ua ule ule. Mzee Kakule akasema huyu ni Masika, hakuna aliyemtangulia. Baba yake Kavugho akauliza, na ile mimba ya mwanzo? Mbambu akasema ile haikuwa mtoto, ilikuwa ugonjwa, Docta mwenyewe aliiona. Wakamwita Docta, akasema kidaktari hapakuwa na mtoto ndani. Nami nikaunga mkono, kwa cheo changu cha ushangazi. Zabibu hazihesabiwi. Masika likakubaliwa, na kasiksi ikaanza kumiminwa.

"Shangazi, wende umwambie," akasema Mzee Kakule.

Sikuhitaji kwenda. Kavugho alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mikononi, miguu mitupu. Alipita mbele yangu, akaniwekea mkono begani nisiseme, akasimama mbele ya baba mkwe wake na wazee wote. Hakuna aliyemzuia. Nadhani hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa mwiko.

"Jina yake ni Kavira," akasema.

Mzee Kakule akamwambia kwa upole, "Mutoto yangu, ile ya kwanza haikukuwa mutu."

"Najua vile Docta alisema, na ni kweli. Mais miezi mitatu nilikuwa naongea naye. Nilimushonea kofia. Muliniuliza kama nataka kuishi, muliniuliza kama nataka kuzaa, nashukuru sana. Masika wangu, hakuna mutu aliniuliza kama nilimulilia."

 Nilimtazama Docta, naye akanitazama, na sote wawili tukatazama chini. Mbambu ndiye aliyenyanyuka kwanza. Akampokea mtoto, akambeba juu ili kila mtu amwone, akasema kwa sauti ya kutikisa bati:

"Karibu, Kavira. Dada yako alikutangulia."